Dhahabu ya nini? Tazameni utomvu

Kila picha ya kisanduku cha laka cha Japani ikisambazwa mtandaoni, maswali ni yale yale: dhahabu hiyo halisi? Kinauzwa bei gani? Huwa nakereka. Dhahabu hata sonara wa mtaani kwetu anayo. Mimi hunishangaza ule weusi ulio chini yake.

Weusi ule ndiyo laka yenyewe: utomvu wa mti uitwao urushi, wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono, au kubabuliwa mdomo na utomvu wa embe, anaujua ukali wake. Mti hungojewa miaka kumi na zaidi, huchanjwa msimu mmoja kuanzia Juni, hutoa kama gramu 200, kisha hukatwa. Gramu 200! Glasi ya chai hiyo.

Na utomvu wenyewe una visa. Haukauki juani kama rangi zetu. Unataka joto na unyevunyevu, kwa hiyo kazi hufungiwa ndani ya kabati lililolowanishwa. Fundi hupaka tabaka jembamba, hungoja, husugua kwa mkaa, hupaka tena. Dhahabu huja mwishoni: unga wake hunyunyizwa juu ya laka mbichi ili unase. Bila utomvu ungepeperuka wote kwa pumzi moja.

Mtazame Ogata Kōrin, msanii wa Japani. Sanduku lake la vifaa vya kuandikia, la karne ya 18, liko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Maua ya irisi ameyatia njumu kwa magamba ya kombe, na daraja amelijenga kwa vipande vya madini ya risasi, kijivu, bila makeke. Daraja hilo linapita juu ya kifuniko, linateremka ubavuni. Ukitaka kulifuata, ulizungushe sanduku mkononi. Chini kwenye kitako, mahali pa kukalia meza, amechora mawimbi. Sasa limewekwa ndani ya kioo, nani atalipindua?

Wajapani wana pia rangi ya bei nafuu waiitayo kashu, inayotokana na mafuta ya ganda la korosho. Wapenzi wa urushi huiita bandia. Nami huwaunga mkono kwa kila kitu, ila kwa hilo, mtu niliyekulia Newala kwenye mikorosho, ulimi unakuwa mzito.