Taa ya injini inayorudi: uipime mwenyewe au umwachie fundi?

Mara ya kwanza taa ya cheki injini ilipowaka kwenye gari langu, fundi alichomeka mashine chini ya usukani, akasoma, akabonyeza, taa ikazima. Nikalipa. Siku ya tatu, kwenye foleni ya Ubungo, ikawaka tena. Mara ya pili tulibadilisha sensa ya oksijeni, tukaweka ya mtumba, kwa kuwa mashine ilisema mafuta ni kidogo kuliko hewa na sensa ndiyo iliyotoa taarifa hiyo. Taa ikakaa kimya wiki nzima kabla ya kurudi. Kufikia mara ya nne nilikuwa nimelipa ufundi mara nne, na hakuna aliyekuwa ameniambia gari linaumwa nini.

Siku hizi vifaa vidogo vya kusomea hitilafu, vile vinavyoongea na simu kwa Bluetooth, vimejaa Kariakoo hapa Dar es Salaam na Kirinyaga Road kule Nairobi. Ubishi umekuja navyo. Mwenye gari anauliza kwa nini alipie kusomewa namba ya hitilafu ambayo simu yake inaisoma. Fundi anajibu kwamba kusoma namba si kupima gari. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba taa inayorudi ianzie nyumbani, lakini hoja ya fundi ni nzito kuliko wengi wetu tunavyotaka kukubali, kwa hiyo nianze nayo.

Chukua namba iliyokuwa ikinitesa, P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta ya injini imeongeza mafuta mpaka karibu na kikomo chake, na bado inaona hewa imezidi. Haisemi kwa nini. Inawezekana kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, kupitia mpira uliopasuka. Inawezekana sensa ya kupima hewa ina vumbi, pampu ya mafuta imechoka, nozeli zimeziba, au bomba la moshi linavuja kabla ya kufika kwenye sensa ya oksijeni. Sensa yenyewe mara nyingi ni mjumbe tu. P0301 ni hivyo hivyo: inakwambia silinda ya kwanza inamisi, yaani haiunguzi mafuta inavyotakiwa, lakini plagi, koili, nozeli na kompresheni vyote ni watuhumiwa. Fundi mzuri ana geji ya kupima presha ya mafuta, ana mita ya umeme, na wengine wana mashine ya moshi inayoonyesha hewa inapovuja. Simu yako haina hivyo. Tena baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, hayaelewani na vifaa hivi vya bei nafuu, na hata yanayoelewana mara nyingi husomeka upande wa injini tu, si breki wala mifuko ya hewa. Mwenye gari anayeona namba, akakimbilia dukani kununua sensa, amefanya kosa lile lile nililofanyiwa gereji, tofauti ni kwamba hana wa kumlaumu.

Sasa tuje kwa gereji. Tatizo la taa inayorudi ni kwamba hairudi ukiwa pale. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta haiwashi taa mara inapoliona kosa. Inaliweka akilini, na ikiliona tena safari inayofuata ndipo inawasha. Kwa hiyo ukifutiwa namba leo, una siku kadhaa za amani ambazo hazikutokana na matengenezo yoyote. Fundi amekuona ukiondoka na dashibodi safi, nawe umeamini umepona. Kuchomoa terminali ya betri kunafanya jambo lile lile. Mbaya zaidi, kufuta kunaondoa ushahidi: kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji na mzigo uliokuwepo. Ukifuta kabla ya kuisoma picha hiyo, umeanza upya.

Hapo ndipo mwenye gari anamzidi fundi. Ana muda, na barabara zake anazijua. Nilinunua kifaa, nikaazimia kutofuta chochote kwa wiki 2, nikaweka daftari kwenye droo ya gari. Niliandika kila asubuhi: gari limewaka vipi, taa ipo au haipo, tangi lina kiasi gani, nimepita wapi. Mafuta nilikuwa nimeshayashuku, kama tunavyofanya wote. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa wa kweli. Lakini nilijaza vituo 3 tofauti na taa haikujali.

Kilichonisaidia kilikuwa mstari mmoja kwenye programu ya simu, ule wa marekebisho ya mafuta kwa asilimia. Injini ya petroli inataka takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, na kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kukaa karibu na hapo. Asilimia chache juu au chini ya sifuri ni kawaida. Gari langu, likiwa limesimama linanguruma bila kukanyagwa, lilikuwa linaongeza 22. Nikikanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia, inashuka mpaka 6. Tofauti hiyo ndiyo jibu. Pampu ikiwa dhaifu, hali huwa mbaya zaidi injini inapohitaji mafuta mengi. Hali ikiwa mbaya wakati wa kunguruma na kupungua ukikanyaga, kuna hewa inayoingia baada ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga: tundu ni lile lile, ila ukikanyaga linakuwa dogo mbele ya hewa nyingi inayopita njia halali.

Nikaacha injini ipoe, nikaanza kupapasa mipira mmoja mmoja. Kuna mmoja mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, umejikunja kama kiwiko. Kwa juu ulikuwa mzima. Kwa chini, pasipoonekana mpaka uuchomoe, ulikuwa umelainika kwa oili na una ufa mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo sana kuliko ile sensa ya mtumba. Asilimia ikarudi 3.

Simwambii mtu avue shati aanze kufungua injini. Taa ikiwa inamweka, yaani inawaka na kuzima, usiendelee kupima wala kuendesha: injini inamisi vibaya, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, na kuyachoma. Ukisikia harufu ya petroli, mwite fundi. Njia ya mafuta ina presha, na kupuliza kemikali ya kusafishia juu ya injini ya moto ni kutafuta moto. Waya za manjano za mifuko ya hewa usiziguse kabisa. Fundi niliyempelekea gari baadaye kwa jambo jingine alilisoma daftari langu, akaniuliza maswali mawili, akaenda moja kwa moja kwenye tatizo. Tangu hapo sijabishana tena kuhusu nani mwenye haki.

Kuna jambo moja linaloniuma. P0420 inasema masega hayafanyi kazi yake, na dawa inayotolewa mahali pengi ni kuyatoa. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye soko, kwa hiyo kuna anayefaidika, na si wewe. Sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inabaki ikipima moshi mchafu, namba inarudi kila baada ya kufutwa, na mwenye gari wa pili au wa tatu anabadilishiwa sensa bila mwisho kwa kitu ambacho hakipo tena chini ya gari lake. Unaponunua gari lililotumika, inama uangalie. Kisha zungusha ufunguo bila kustati, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake hapo, kabla injini haijanguruma. Isipowaka, huenda kuna mtu ameishughulikia taa badala ya gari, na wewe bado hujalipa.