Mwani wa Zanzibar: kuwaunganisha mtafiti, mkulima na mnunuzi ni kazi ya serikali au ya soko?

Kwa watu wa sera za sayansi kuna hoja haiishi, kwamba Tanzania vyuo tunavyo, taasisi za utafiti tunazo, viwanda vidogo vipo na wafanyabiashara wapo, ila kila mtu yuko kivyake, kwa hiyo serikali ije na sera ya kuwaunganisha. Wengine wanasema bila mkono wa serikali hawa hawatakaa meza moja hata siku moja. Wengine wanajibu kwamba kuunganisha watu kwa amri kunaishia kwenye kusaini makubaliano na kupiga picha, bora soko liachwe lifanye kazi yake. Mimi nataka tuliangalie hili kwa zao moja tu, mwani wa Zanzibar, manake pale njia zote mbili zimeshajaribiwa na matokeo yapo ya kuona.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, kwa mbegu (vipande vya mwani hai vya kupanda) zilizotoka Ufilipino. Leo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni visiwani, baada ya utalii na karafuu, na wakulima wenyewe wengi ni wanawake, kama 8 kati ya 10. Mwani unaanikwa, unatiwa kwenye mapolo, unasafirishwa mkavu, huko nje ndo wanatoa karajinani, ile inayofanya dawa ya meno na aiskrimu zishikane.

Sasa ukiuliza nani aliunganisha watu pale mwanzo, jibu ni wanunuzi. Kampuni ilikuja na kamba na taitai (vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu), mkulima akapewa, na yeye akakubali kuuza kwa kampuni hiyohiyo. Hakukuwa na mkakati wa taifa wala semina za hotelini, na bado ndani ya muda mfupi vijiji vizima vikajua kupiga vigingi, kufunga mbegu, kufuata bamvua (siku ambazo maji yanajaa na kutoka sana) ili kuingia shamba maji yakitoka, na kuvuna baada ya wiki sita hivi. Teknolojia ngeni kabisa ikaenea, na anayebeza nguvu ya soko inabidi kwanza alieleze hilo.

Ila kiunganishi kile kilibeba kitu kimoja tu, mwani mkavu kwenda na pesa kidogo kurudi. Ujuzi wa kusarifu, yaani kuugeuza mwani kuwa bidhaa, haukupita humo. Bei ilipangwa na upande mmoja, na aliyepewa kamba hana pa kwenda kubishana. Halafu ikaja shida kubwa zaidi, maji ya pwani yakaanza kupata joto, magonjwa na magugu ya baharini yakashika, kotoni, aina ya mwani ambayo ndo yenye bei nzuri, ikawa inakufa sehemu nyingi na wakulima wakabaki na spinosumu, aina nyingine ya bei ya chini. Mnunuzi hakuwa na sababu kubwa ya kulipia utafiti wa jambo hilo, manake akikosa Zanzibar anapata Indonesia. Hapo soko lilifika mwisho wa uwezo wake, na sidhani kama ni haki kumlaumu mfanyabiashara kwa kutofanya kazi ambayo haimlipi.

Njia ya pili, ya kuunganisha watu kwa mpango, ilianza 2006, pale mpango wa kongano bunifu (watafiti, wazalishaji na serikali wa zao moja kufanya kazi pamoja) ulipofika kwenye mwani. Wazo lenyewe ni la wachumi kina Freeman na Lundvall, waliokuwa wanaandika tangu miaka ya 1980 kwamba ubunifu wa nchi unategemea sana jinsi chuo, kampuni na serikali vinavyopeana taarifa, sio kila mmoja ana nini peke yake. Zanzibar aliyeshika usukani wa kongano la mwani ni Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na matunda yalionekana, wanawake wa kijiji cha Kidoti, Unguja, wakaanza kutengeneza sabuni ya mwani, ukaja unga wa mwani wa kutia kwenye keki na juisi, na mtafiti akawa anaulizwa maswali na mkulima mwenyewe badala ya kujitungia maswali ofisini.

Tena wakaja na wavu wa mrija kwa ajili ya kotoni, na hapa nataka tukae kidogo. Unavalisha wavu kwenye bomba la plastiki, unapitisha mbegu ndani ya bomba, ukilichomoa mbegu zinabaki ndani ya wavu, halafu unaenda kuufunga kwenye maji ya kina ambako joto ni dogo. Mawimbi yakipiga, matawi hayakatiki na kupotea kama yanavyokatika kwenye taitai. Kisayansi inafanya kazi vizuri, lakini maji ya kina yanataka boti, yanataka mtu anayejua kuogelea, na wakulima wengi wa kike hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Miradi ikaleta boti na mafunzo kwa vikundi kadhaa, ni jambo zuri sana, ila mradi una tarehe ya mwisho na boti inataka kukarabatiwa kila mwaka. Kwa hiyo mtafiti na mkulima waliungana kweli, waliokosekana ni mtu wa mkopo wa boti na mnunuzi wa kusema nitachukua hiyo kotoni kwa bei fulani.

Hapo ndipo mimi natofautiana na sera zetu nyingi. Sheria ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni ya 1986, sera ya sayansi na teknolojia ilihuishwa 1996, na MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, upo kwa ajili ya kugharamia kazi za aina hii. Maneno ya kuunganisha wadau hayajawahi kukosekana kwenye makaratasi. Kinachokosekana ni malipo ya mtu anayeunganisha. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa machapisho, na Wizara ya Elimu imeweka hadi tuzo ya shilingi milioni 50 kwa chapisho kwenye jarida la hadhi ya juu kimataifa. Tuzo hiyo siipingi hata kidogo, sayansi yetu inastahili kuonekana. Ila anayeacha kuandika makala ili ashinde Kidoti na kina mama hadi wapate sabuni inayokidhi viwango vya ZBS (taasisi ya viwango ya Zanzibar), huyo tumemwekea nini?

Na visiwani kuna ugumu wa ziada ambao wa bara wanausahau. Utafiti ni jambo la Muungano, uvuvi na uchumi wa buluu ni mambo ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), viwanda na viwango navyo vina ofisi zao Zanzibar. Kwa hiyo tatizo moja la mwani linapita kwenye meza za serikali mbili, na bajeti zake hazikutani popote.

Wapenzi wa soko wataniletea mfano wa M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, kwamba kampuni iliweza bila serikali. Sawa, kampuni ndiyo iliyoendesha. Lakini pesa za awali zilichangiwa na serikali ya Uingereza, na Benki Kuu ya Kenya iliruhusu huduma ianze bila kusubiri sheria mpya. Serikali zilikuwepo, zilichofanya ni kutoshika usukani.

Hiyo ndiyo hofu yangu kwa njia ya sasa ya SMZ, ya kampuni ya serikali ya kununua mwani na mradi wa kiwanda cha Chamanangwe, Pemba. Faida ipo, mkulima anapata mnunuzi wa pili wa kumtajia akibanwa bei, na kusarifu hapahapa ni kilio cha miaka mingi. Lakini serikali ikiwa mnunuzi, mwenye kiwanda na mwamuzi wa kanuni kwa wakati mmoja, wanunuzi binafsi wanaweza kuondoka na kamba zao, na mkulima atarudi kuwa na mlango mmoja tu.

Mimi ningeanza na mbegu. Kotoni inayolimwa imekuwa ikikatwa na kupandwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 30, na mbegu ya namna hiyo inachoka. Kupata mbegu inayohimili joto kunataka maabara, kunataka kibali na karantini kama inatoka nje, na kunataka mashamba ya majaribio ya wakulima wenyewe. Msafirishaji mmoja hawezi kulipia, manake akilipa yeye na wenzake wote watavuna. Kwa hiyo naunga mkono tozo ndogo kwa kila kilo inayotoka bandarini, iende kwenye mbegu tu na wakulima wawe na viti kwenye kamati yake. Wanaopinga wanasema msafirishaji atamkata mkulima pesa hiyohiyo kwenye bei, na wako sahihi, ndo maana tozo isianze kabla bei ya kununulia na ya kusafirishia hazijatangazwa hadharani kila bamvua, kijiji kwa kijiji.