Samaki-simba hali visamaki tu
Mwandishi umesema samaki-simba (lionfish, samaki mgeni huko Karibiani aliyetoka Bahari ya Hindi na Pasifiki) anakula visamaki vidogo tu, hapana jamani, yule anameza mzima mzima hata samaki wa nusu ya urefu wake na tumbo linatanuka hadi mara 30! Tena ana mbinu, anatandaza mapezi kama wavu anambana samaki anayemwinda kwenye kona ya matumbawe, anampulizia maji, huyo anayewindwa akigeuka tu kuangalia, kichwa chake hicho kimetangulia mdomoni. Utafiti wa Bahamas uliotoka 2008 ulionyesha kwa wiki 5 tu samaki wachanga wanaoingia mwambani walipungua kwa asilimia 79 ukilinganisha na miamba ambako samaki-simba hakuwepo. Na samaki wenyeji wa Atlantiki hawajamzoea mgeni huyu, wengi hata hawamkimbii, inauma kweli.