Karatasi Haisikii Gari Likivuma

Nimeshika spana nyumbani, sasa nazishika ughaibuni, na kila nikipiga simu naulizwa: huko wenzetu wana mitambo gani? Mitambo inanunulika. Tofauti kubwa ni namna wakubwa wa gereji wanavyoongea na mafundi wao.

Nyumbani kazi hugawiwa kwa mdomo, tena kwa kupaza sauti injini ikiunguruma. "Kaza hizo nati za gurudumu!" Kijana anazishikiza kwa mkono gari likiwa bado juu ya jeki, anaitwa kwingine, na anayepokea kazi anaamini zimekazwa. Huku fundi hukaza kila nati kwa spana ya kipimo, tuseme nyutoni-mita 110 (ndicho kipimo cha nguvu ya kukazia) kama kitabu cha gari hilo kinavyotaka, akaitia alama ya rangi, kisha akasaini karatasi ya kazi. Gari lililofunguliwa breki hutundikiwa kibao kwenye usukani: lisiendeshwe. Kwa hilo wametuzidi, na sioni cha kubishana.

Lakini karatasi hiyohiyo ina ubaya wake. Mteja huongea na mtu wa mapokezi, fundi hamwoni. Anaeleza kwamba gari linavuma kadiri mwendo unavyoongezeka, na huvuma zaidi akikata kona ya kulia. Karatasi inamfikia fundi na maneno mawili: "Kelele mbele." Hapo anaanza kubahatisha, ilhali mteja alikwisha kumfanyia nusu ya kazi: kona ya kulia huhamishia uzito upande wa kushoto, kwa hiyo beringi (kile kifaa kinachofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, ambacho kikichakaa huvuma) ya kushuku kwanza ni ya gurudumu la kushoto. Nyumbani mteja husimama kando ya boneti akauigiza mvumo wenyewe kwa mdomo, na fundi hupanda wakaenda kulisikiliza barabarani. Ningekuwa na gereji yangu, fundi angeonana na mteja kwanza, ndipo karatasi iandikwe, kwa maneno ya mteja mwenyewe.

Kuhusu kufokea vijana mbele ya wateja, nyumbani siwatetei. Aliyeaibishwa leo, kesho akikata bolti ataifunika kwa grisi akae kimya. Huku huitwa pembeni, ingawa (hili hunichekesha) huzungushiwa maneno ya adabu mpaka akatoka hajui kama amekosea. Mimi ningemwambia tu: umekaza kupita kiasi, njoo tuitoe pamoja, halafu tumwarifu mwenye gari kwamba tutachelewa.