Sifa Zikichelewa, Uandamizi Unahesabiwa Tangu Lini?

Uandamizi ni mpangilio wa nani ametangulia nani kazini, na ubishi huanza pale mtu anapopata sifa inayotakiwa, kama leseni au shahada, baada ya kuajiriwa. Chukua mafundi sanifu watatu wa idara moja. A aliajiriwa tarehe 1 Machi 2018 bila leseni ambayo kazi inaidai. Barua yake ilimtaka aipate ndani ya miaka miwili. B aliajiriwa 15 Septemba 2019 na C 1 Juni 2020, wote wawili leseni ikiwa mkononi. A akapata yake 10 Januari 2021. Ukihesabu kwa tarehe ya ajira, mpangilio ni A, B, C. Ukihesabu kwa tarehe ya sifa, ni B, C, A. Ikitokea nafasi moja ya kupanda cheo, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua nani atamsimamia nani.

Wanaotetea tarehe ya ajira wana hoja nzito. Mwajiri alijua A hana leseni, akamchukua hivyo hivyo kwa kuwa alimhitaji, akampangia zamu sawa na wengine. Kumshusha leo ni kuvuna kazi yake kisha kumkana siku ya mgawo. Tena tarehe ya ajira haina ubishi: imeandikwa kwenye barua na kila mtu anaiona.

Upande wa pili nao haubabaishi. Tangazo likisema leseni ni lazima, wapo walioisoma wakaacha kuomba. B huenda alingoja hadi amalize masomo na kulipa ada zote ndipo akapeleka maombi. Laiti angejua mlango uko wazi kwa wasio na leseni, naye angeingia mapema. Ukimpa A miaka yote, umemwadhibu B kwa kutii masharti.

Kwa maoni yangu, mabishano mengi hayafiki mwisho kwa sababu hakuna anayeuliza kwanza: sifa hii iliwekwa kwa kusudi gani? Iliwekwa kama sharti la kuingia, la kuthibitishwa kazini, au la kupanda cheo? Kila moja ina jibu lake.

Ikiwa ni sharti la kuingia, na kanuni hazimpi yeyote mamlaka ya kulisamehe, muda uliotangulia sifa ni wa kujishikiza tu. India, ambako kesi za namna hii ni nyingi mno, Mahakama ya Juu iliweka msingi mwaka 1990: aliyeajiriwa kwa kufuata kanuni huhesabiwa tangu siku ya kuajiriwa, si siku ya kuthibitishwa, lakini aliyewekwa kwa muda nje ya kanuni, ili kuziba pengo, hahesabiwi kipindi hicho. Mwaka 1997 mahakama hiyo hiyo ikasema sifa hupimwa kwa tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Matokeo yaliyotoka baadaye, hata kama ni kabla ya usaili, hayamsaidii mwombaji. Ni msimamo mkali, ila unamlinda yule ambaye hakuomba kabisa, na huyo hana wa kumsemea.

Sharti la kuthibitishwa ni jambo jingine, na ndilo la A. Hapa mwajiri amekubali kwa maandishi kwamba sifa itakuja baadaye. Ikija ndani ya muda, sioni sababu ya kugusa tarehe ya ajira: pande zote zimetimiza ahadi. Tatizo ni kwamba A alivuka muda. Ukomo wake ulikuwa mwisho wa Februari 2020, akachelewa miezi kumi na siku kadhaa. Maofisa utumishi wengi huona njia mbili tu, kumwacha alipo au kumshusha chini ya C. Ipo ya tatu: kusogeza tarehe yake mbele kwa kiasi kile alichochelewa. Miezi kumi na siku tisa kutoka 1 Machi 2018 inampeleka kwenye 10 Januari 2019. Analipia uchelewaji wake, lakini bado yuko juu ya B, kwa kuwa hata kwa hesabu hiyo alimtangulia. Njia hii naiona ya haki kuliko zote mbili, kwa sharti kwamba kanuni au barua ya ajira inairuhusu. Ofisi ikiitunga siku ya mgogoro, itaonekana imeshonwa kwa kipimo cha A, na itaanguka kwenye rufaa.

Kabla ya kusogeza chochote, tafuta sababu ya kuchelewa. Mtihani ambao mwajiri au bodi ndiyo huuandaa ukikosa kufanyika mwaka mzima, muda huo usihesabiwe dhidi ya mfanyakazi, mradi alijiandikisha au aliomba kufanya. Aliyekaa mtihani akashindwa mara mbili hana kinga hiyo.

Sharti la kupanda cheo ndilo linalochanganya watu zaidi, maana husemwa "uandamizi" wakati kinachobishaniwa ni uzoefu. Mwaka 1991 mahakama ya India ilisikiliza shauri la wahandisi wa idara ya ujenzi ya Pondicherry. Kanuni ilitaka shahada na miaka mitatu ya utumishi, au stashahada na miaka sita. Aliyeingia na stashahada kisha akapata shahada akiwa kazini, miaka yake mitatu inaanza lini? Mahakama ilijibu: siku alipopata shahada, ikizingatia pia kwamba idara ilikuwa imezoea kuhesabu hivyo. Baadaye, kwa wahandisi wa jimbo la Madhya Pradesh, ikahesabu utumishi wote, hata ule wa kabla ya shahada, kwa kuwa kanuni za kule ziliandikwa vingine. Anayenukuu uamuzi mmoja bila kusoma kanuni iliyokuwa mezani anapotosha. Katika hali zote mbili, mtu anaweza kubaki wa kwanza kwenye orodha na bado asistahili kupanda mwaka huu.

Hata mkikubaliana kwamba tarehe ya sifa ndiyo ihesabiwe, bado kuna tarehe nne: siku ya mtihani, siku matokeo yalipoidhinishwa na chombo husika, siku cheti kilipotolewa, na siku kilipofikishwa kwa mwajiri. Iliyo salama ni ya kuidhinishwa matokeo. Mahafali ni sherehe, na huweza kuja miezi kadhaa baadaye. Uchapaji wa vyeti hutegemea ofisi nyingine. Kupokelewa kwa cheti kunategemea karani aliyekiweka jaladani. Kwa kazi za leseni, hata hivyo, kufaulu hakutoshi: tumia tarehe ambayo leseni ilianza kutumika. Cheti cha kughushi ni suala la nidhamu, hakina uandamizi wa kujadili.

Usichanganye pia uandamizi na stahili nyingine za utumishi. A akishushwa kwenye orodha, utumishi wake tangu 2018 kwa kawaida unaendelea kuhesabiwa katika likizo na mafao, isipokuwa masharti yameandika vinginevyo. Ofisi zinazofuta vyote kwa mpigo hujizalishia madai ya malimbikizo.

Orodha itolewe kwanza kama rasimu, kila jina likiwa na tarehe ya ajira, tarehe ya sifa, tarehe iliyotumika na kifungu kilichoiruhusu. Watu wapewe muda wa kupinga kwa maandishi. B na C waarifiwe kabla pingamizi la A halijaamuliwa, kwa kuwa kila hatua anayopanda mmoja kuna anayeshuka. Orodha iliyorekebishwa bila wao kusikilizwa hurudishwa kuandaliwa upya, hata kama hesabu yake ilikuwa sahihi.