Acha Fungu Moja Life

Kwenye Blackjack Switch, aina ya blekijeki (mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuizidi), wengi tunaliwa kwa sababu ya huruma. Mchezo huu aliubuni Geoff Hall, Mwingereza, ukapewa hataza mwaka 2009. Unacheza mafungu mawili ya karata kwa madau yaliyo sawa, na ukitaka, karata ya pili ya fungu hili inahamia kule na ya kule inakuja huku. Jaribu hivyo kwenye blekijeki ya kawaida uone kama hutatolewa nje!

Kuna mabadilisho ambayo hata mgeni anayaona. Una 10 na 6, kando una 5 na 10. Badilisha: 20 na 11. Hilo halina mjadala.

Ugomvi wangu na kaka uko kwingine. Tulikuwa nyumbani tunafanya mazoezi, dau ni maharage. Mgawaji kaonyesha 10. Kaka ana 10 na 7, halafu 8 na 10, yaani 17 na 18. Akatulia navyo. Nikamwambia abadilishe, akashangaa: "Mdogo wangu, 18 nzima niivunje?"

Ndiyo, kaka, ivunje! Mbele ya 10 ya mgawaji, 17 na 18 zote mbili huliwa mara nyingi kuliko zinavyokula. Ukibadilisha unabaki na 20 na 15. Hiyo 15 ni mbovu, sikatai, lakini 20 inaibeba. Mafungu mawili ya wastani yanapendeza machoni tu.

Ruhusa hii ina bei yake, na bei ndiyo watu wanayoisahau. Blekijeki, yaani ree na 10 ulizogawiwa mwanzoni, inalipwa sawa na dau, si 3 kwa 2, na ree na 10 ulizozikutanisha kwa kubadilisha zinahesabiwa 21 ya kawaida. Kubwa zaidi, mgawaji akipita 21 kwa kufika 22, madau yaliyo mezani yanakuwa sare. Inayopona ni blekijeki uliyogawiwa tangu mwanzo.

Hiyo 22 inapaswa kukupunguza mkono kwenye kuongeza dau. Ukiwa na 9 na mgawaji ana 3, kwenye blekijeki ya kawaida unaongeza dau maradufu kwa kutegemea kwamba atapita. Hapa akipita kwa 22, maharage yako yote yanarudi bila hata punje moja juu. Mimi hapo naomba karata tu.