Kuchonga spea sio ushamba, ila breki usiguse

Juzi nimesimama pale Mafiati nasubiri magari yapite, dogo mmoja wa bodaboda kaja kasimama pembeni yangu, kaikagua pikipiki yangu kuanzia taa ya mbele mpaka tairi la nyuma af akaniuliza, "Broo, hii nayo orijino?" Nikamwambia injini orijino, fremu orijino, vilivyobaki vimezaliwa hapahapa Mbeya. Akacheka. "Basi huo mkokoteni broo," akatia gia akaondoka zake. Sikukasirika, ila hilo neno mkokoteni nimelala nalo siku tatu ndo maana leo naandika.

Yenyewe ni Honda CBR400RR, ile wenyewe wanaiita NC29, ya mwanzoni mwa miaka ya 90. Silinda 4, valvu 16, cc 399. Watu huwa wananiuliza mbona ndogo ivo na inaonekana kama pikipiki kubwa, jibu ni kwamba kule Japani leseni ya kawaida ilikuwa inaishia cc 400, ukitaka kuendesha zaidi ya hapo mpaka 1996 ilibidi ukafanye mtihani kwenye vituo vya leseni ambao watu walikuwa wanafeli na kurudia mpaka wanachoka, kwahiyo makampuni yakamwaga ujuzi wao wote kwenye hizi ndogo. Wakawekeana na kikomo cha nguvu, farasi 59, na spidi inakatwa kwenye 180. Boksa 150 ina farasi kama 12 hivi, fanya hesabu mwenyewe. Halafu shafti za valvu haziendeshwi na cheni, ni gia tupu, ndo maana ikiwa silensa, yaani inaunguruma tu bila kwenda, inalia kama cherehani ya mota, na kila anayepita anasema injini imekufa. Haijafa, ndo sauti yake.

Niliikuta Uyole nyuma ya nyumba ya mtu, imefunikwa turubai, juu ya siti kuku anaatamia. Bei sitaji maana mke wangu anasoma humu. Haikuwa na bodi hata moja, futiresti ya kushoto (pale pa kukanyagia mguu) hakuna, waya wa klachi umekatika, rektifaya, ile inayogeuza umeme wa jenereta uchaji betri, imekufa kwa uzee, kabureta ukifungua kuna kitu kama asali iliyoganda, ndo petroli ya miaka mingapi sijui.

Sasa hapo watu wanakwambia agiza. Agiza wapi bana? Spea za hii pikipiki hapa nyanda za juu hamna, nimeuliza kuanzia Mwanjelwa mpaka Makambako, ukiagiza nje nauli inakizidi kifaa chenyewe, na ukimtuma mtu Kariakoo unaletewa boksi zuri lina stika inang'aa, ukifungua ndani stika peke yake ndo orijino. Mi nimeshanunua "orijino" iliyokuwa nyepesi kuliko ile niliyoitupa. Kwahiyo hii habari ya orijino na isiyo orijino mi naona ni swali la kijinga kidogo. Mi naanza na mawili tu, hiki kifaa kinabeba nini, na kikikatika saa hiyo mimi nakuwa wapi. Waya wa klachi ukikatika nasukuma pikipiki na jasho linanitoka, basi. Vingine vikikatika sirudi nyumbani.

Tuanze na huo waya. Nilienda kwa fundi baiskeli mmoja mzee yupo Soweto ya hapahapa Mbeya, nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwonesha. Mimi nilishajaribu mwenyewe nyumbani mara mbili, nachovya ncha ya waya kwenye risasi, inashika vizuri, nafunga, navuta klachi mara kumi, inachomoka. Mzee hata hakunicheka. Akapitisha waya kwenye tundu la kile kichwa cha shaba, akachukua msumari mwembamba akaanza kuzitawanya nyuzi za ile ncha moja moja mpaka ikafunguka kama ua la alizeti, ndo akamwagia risasi. "Sasa ivi haishikwi na risasi," akaniambia, "inashikwa na umbo lake." Yaani hata risasi ilegee, lile ua haliwezi kurudi kupita kwenye tundu. Waya huo mpaka leo upo, mwaka wa pili unaenda. Alinichaji elfu tatu nikampa tano, na bado nahisi nimempunja.

Futiresti ndo ilinitoa jasho. Nikasema nitaisubu kwa aluminiamu, si wale jamaa wa masufuria wanasubu kila siku na mkaa na feni, aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, nini kigumu hapo. Nikakusanya makopo ya soda na bia kiroba kizima, nikatengeneza umbo la mbao, nikakandamiza kwenye mchanga, tukamwaga. Kwa nje ilitoka safi mpaka nikaipiga picha. Nikaifunga, nikaipaka na rangi nyeusi. Wiki moja baadae nashuka kutoka Sae, nimesimama kidogo juu ya futiresti kuruka tuta, nikasikia tak, mguu wa kushoto uko hewani unatafuta ardhi. Sikuanguka, Mungu tu. Nilivyoiokota nikaangalia pale ilipokatikia, ndani imejaa vitundu kama andazi.

Makosa yalikuwa mawili na yote yangu. Mchanga ulikuwa na maji mengi, maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke na mvuke unabaki humo humo. La pili ni makopo. Aluminiamu ya kopo imetengenezwa ivutike iwe nyembamba, haijatengenezwa kumwagwa kwenye kalibu. Ukitaka kusubu tafuta pistoni za zamani, pistoni zenyewe zilizaliwa kwa kusubiwa, zina silikoni ndani inaifanya iteleze vizuri kwenye kona za kalibu bila kupasuka ikipoa. Na pistoni mbovu hapa kwenye barabara ya Tunduma na maroli yote haya hazina shida, gereji yoyote ukiomba wanakupa. Ya pili nikasubu kwa pistoni, nikaukausha mchanga ukabaki unyevu wa kushikana mkononi tu, ilipopoa nikaikata katikati kwa makusudi niione ndani. Ngumu, imejaa. Ya tatu ndo ninayoikanyaga sasa, na kabla sijaifunga niliiweka kwenye vaisi nikasimama juu yake nikarukaruka, jirani akaniuliza kama niko sawa.

Bodi nimetengeneza kwa faiba. Hii naipita haraka maana kila mtu anajua faiba, ila mambo mawili. Usichonge umbo kwa lile povu jeupe la kwenye boksi la TV, rezini, ile gundi ya faiba, inalila, nilimwaga nikaenda kunywa chai nimerudi pua ya pikipiki imezama kama barafu, mpaka ulipake jasi kwanza. Na usifanye mwezi wa saba. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba rezini haikauki, nilikaa na bodi inanata kama urojo siku nne, na usidanganyike kuiwekea jiko la mkaa pembeni, ule mvuke unawaka.

Kitu ambacho watu wa Dar hawakijui, na ndo maana wakija huku na pikipiki zao za kabureta wanalalamika mafuta mabaya, ni hii hewa yetu. Mjini hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, nguvu ya injini karibu moja ya tano inabaki Dar. Kabureta yenyewe imepangwa kwa hewa nzito ya chini, huku inamwaga petroli zaidi ya hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Hizi za kwangu za diaframu zinajirekebisha kidogo, ila haitoshi. Jeti ndogo (kile kitundu kinachopitisha petroli) sikupata, kwahiyo nikafanya uchawi wa wazee, unachukua uzi mmoja wa ndani ya waya wa umeme, mwembamba kama unywele, unaupitisha kwenye tundu la jeti na kuukunja pande zote mbili. Tundu limepungua, kazi imeisha, plagi zikawa na rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Ila nikishuka Kyela ambako ziwa lipo chini ya mita 500 natakiwa kuzitoa, la sivyo inakula hewa nyingi kuliko petroli inachemka, na pistoni za hii ndo sina za kubadilisha. Sijashuka Kyela na hii pikipiki. Sababu ni uvivu wa kufungua kabureta 4.

Kuzibalansi hizo nne nilitumia mpira wa levo, ule mweupe wa fundi ujenzi wa kupimia maji. Unaukunja U kwenye ubao, unatia oili kidogo chini, ncha moja kabureta hii na ncha nyingine kabureta ile, inayovuta zaidi oili inapanda upande wake, unakaza skrubu taratibu mpaka zilingane. Kuna mashine ya hiyo kazi inauzwa hela ndefu. Mpira wangu ulikuwa shilingi elfu mbili, na fundi aliyeniazima ubao anaudai mpaka leo.

Rektifaya nilipata ya pikipiki nyingine yenye njia tatu, maana jenereta ya hii inatoa waya tatu za njano, nikaifunga kwenye lile bamba la mapezi la amplifaya iliyokufa ili ipoe. Mwanzo nilikosea ethi, nikapima betri inasoma volti 16 na zaidi wakati haitakiwi kuvuka 14 na nusu, betri ikachemka ikanuka kama yai viza. Nikarekebisha. Hasara ya betri moja.

Mpaka hapo unaona mi ni mtu wa kuchonga, sina aibu nayo. Sasa niseme la breki.

Mipira ya breki ya mbele ilikuwa imepasuka pasuka. Hapa mjini kuna watu wanabana hozi za hidroliki za matrekta na magreda, unapeleka kipimo wanakubania na mashine, imara kweli, hozi inayobeba mgandamizo wa kunyanyua lori si itabeba breki yangu mimi? Nikabana mbili. Ikakaa poa miezi kadhaa, breki ngumu, nzuri, nikawa najisifia mpaka kwa watu.

Jumapili moja nimepanda barabara ya Chunya, unapita msitu wa Kawetere unavuka mita 2,000 na bado unapanda, pale juu panapoitwa Mwisho wa Dunia unaiona Usangu yote imelala chini. Nikakaa, nikala mahindi, nikaanza kurudi. Kwenye kona ya nne hivi ya kushuka naachia breki naona pikipiki haiachii. Nikadhani ni upepo tu unanirudisha nyuma. Mbele kidogo inazidi, nikasikia harufu ya pedi, nikasimama. Disi ya kulia imegeuka bluu. Tairi halizunguki hata nikilisukuma kwa mguu. Nikatoa spana namba 8 nikalegeza ile nati ya kutolea upepo kwenye kalipa (kile kinachobana disi), mafuta yakaruka yakanichoma mkononi, tairi likaachia palepale. Nikaikaza, nikashuka mpaka mjini na gia ya kwanza na breki ya nyuma, malori yananipigia honi.

Kumbe hozi za hidroliki raba yake imetengenezwa kwa oili ya madini. Mafuta ya breki sio oili, ni kitu kingine kabisa, yanaifanya hiyo raba ivimbe kwa ndani. Ikavimba mpaka njia ikawa tundu la sindano, nikibana nguvu ya mkono inapenya, nikiachia mafuta hayarudi. Fundi aliyebana hakunidanganya, alibana vizuri, mimi sikumwambia ni za breki na wala hakuuliza. Kwa nje hozi ilikuwa mpya kabisa, ndo kinachonitisha, maana futiresti mbovu ilinipa sauti na andazi la kuliangalia.

Nikaenda nikajikusanya nikanunua hozi za breki zenyewe, zile zilizofumwa kwa chuma, za kuagiza, na nauli nikalipa bila kubisha. Disi pia. Pedi siokotezi.

Ile hozi ya zamani niliipasua kwa urefu na kisu, nimeitundika kwenye msumari pale ninapofanyia kazi. Wiki iliyopita kaja jamaa mmoja na pikipiki yake ya cc 250, anataka nimsubie bamba la kushikia kalipa kwa zile pistoni zangu, kaniona futiresti yangu kaipenda. Nikamtundulia hozi nikampa aishike. Akaigeuza geuza, akaingiza kidole kwenye raba iliyovimba ikatoka vipande vyeusi kama masizi, akakaa kimya kidogo, af akaniuliza bamba la kununua linafika kwa siku ngapi.